Nani Alaumiwe?

Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachoua. Hapa Johannesburg sisi wawindaji wachache huyayeyusha wenyewe madini hayo, ambayo yakiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Tunayasubu kwenye kalibu, kisha tunapima kwa mizani baruti ya kila ganda.

Risasi nzito ya rivolva, ya gramu 19 hivi, ikisubiwa ngumu haitanuki sana mwilini, hupenya. Isipopita moyoni au mapafuni, mnyama hukimbia na jeraha lake. Msimu mmoja kule Limpopo swalapala wetu alikimbia hivyo. Tulimtafuta hadi giza, hatukumpata.

Aliyenunua dukani angelaumu kiwanda. Sisi tumlaumu nani? Baruti tulipima sisi, umbali tulikadiria sisi.

Je, mnunuzi ana hatia ndogo zaidi? Hatudhani. Kiwanda hakikumlengea shabaha. Kazi ya mkono haiongezi wajibu. Huondoa pazia tu. Tangu siku ile, tukiwa na shaka hatufyatui. Tunarudi mikono mitupu, na hatuna deni kwa yeyote aliyeko porini.