Mwanagenzi na Mlima Asioujua

Swali la mahali panapofaa kuanzia kujifunza jambo jipya ni la kale katika falsafa, nalo hupata uzito wa pekee mkazi wa Kimumu, kata ya eneobunge la Moiben iliyo kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Iten, anapopanga safari yake ya kwanza ya kujifunza skii, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zinazofungwa viatuni. Eldoret imeinuka mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake za Julai ni za baridi, lakini theluji haianguki huko, na mabaki ya barafu ya Mlima Kenya yanazidi kupungua, wala hapana skuli ya mchezo huu juu yake. Kwa hiyo mwanagenzi huyo analazimika kuchagua mahali asipopajua, kwa ajili ya ustadi asio nao, huku akikosa kipimo cha kuamulia, kwa kuwa kipimo chenyewe ni sehemu ya ustadi anaoufuata.

Plato, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, aliliweka tatizo hili wazi katika mazungumzo yake yaitwayo Meno, akiuliza mtu atakitafutaje kitu asichokijua, na hata akikutana nacho atakitambuaje. Jibu alilolitoa, kwamba kujifunza ni roho kukumbuka yale iliyokwisha kuyajua, lina nguvu katika hesabu, ila halielezi ujuzi wa magoti na nyayo. Aristotle, mwanafunzi wake, anafaa zaidi hapa, kwa sababu alifundisha kwamba ustadi, sawa na tabia njema, hupatikana kwa kutenda, na kwamba kutenda kulekule ndiko kunakomfanya mjenzi mmoja kuwa hodari na mwingine kuwa mbovu. Hoja hiyo yaonyesha kwa nini mahali pa kwanza si jambo dogo: anayeanzia kwenye mteremko unaomzidi nguvu hujifunza woga kabla ya kujifunza kusimama, na woga nao ni mazoea, huota mizizi.

Uasin Gishu, kaunti yenye Eldoret na Kimumu, ina mfano wake wa kweli. Philip Boit, mzaliwa wa eneo la Eldoret na mwanariadha wa mbio za mita 800, alipelekwa Finland mwaka 1996 pamoja na Henry Bitok, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, kujifunza skii ya masafa, ambayo ni ile ya kusukuma mwili kwa miguu na fimbo katika njia ndefu za tambarare na vilima, tofauti na skii ya milimani ambayo kwayo mtu hushuka mteremko mkali. Mnamo 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani, alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika michezo hiyo, akamaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, katika nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyemngoja penye utepe ili amkumbatie. Boit alirudi katika michezo ya 2002 na ya 2006. Mapafu na miguu aliyopewa na nyanda za juu vilimsaidia katika aina ile ya skii, lakini havikumwondolea ulazima wa kuanguka. Na hapa ndipo penye kiini cha suala, kwani mtu aliyezoea kuwa bora hukubali kwa shida kuwa wa mwisho, ilhali bila kukubali hivyo hapana kujifunza.

Mahali pema pa kuanzia, basi, ni pale ambapo kuanguka hakuumizi sana wala hakumtii mtu haya: mteremko mfupi usio mkali, uliotengwa kwa wanaoanza, mkanda unaotembea wa kuwapandisha juu taratibu, vifaa vya kukodi, na mwalimu anayesema lugha ambayo mwanafunzi anaielewa hata akiwa na hofu. Milima ya Alps ina hayo yote, lakini umaarufu wake huwavuta wanagenzi kwenda kuonekana kabla ya kwenda kujifunza. Dubai ina ukumbi wa theluji ndani ya jengo, uliofunguliwa mwaka 2005, ambako njia ndefu kuliko zote ni ya mita 400 na mavazi ya baridi hutolewa pamoja na vifaa. Katika milima ya Maluti nchini Lesotho, kwa urefu unaozidi mita 3,000, pako kituo cha skii kiitwacho Afriski, ambako msimu ni kuanzia Juni hadi Agosti.

Mapokeo ya dini nayo yana neno katika jambo hili. Waislamu wana istikhara, sala ya rakaa mbili ambayo kwayo mja humwomba Mungu amchagulie lililo la kheri, na wanazuoni huiambatanisha na istishara, yaani kutaka shauri kwa wanaojua, ili dua isiwe kisingizio cha kuacha kuuliza. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimtaka mwanafunzi amkabidhi mwalimu hatamu kama mgonjwa anavyojikabidhi kwa tabibu. Hilo ndilo jibu lililopungua kwa Plato: asiyejua huvuka kwa imani anayomwekea anayejua, mradi imani hiyo imetanguliwa na kuuliza.

Wakazi wa Kimumu wanalifahamu hili kutoka upande wa pili, kwa kuwa wageni kutoka Ulaya huja kufanya mazoezi ya mbio kwenye barabara za vumbi za Iten, na wale wanaofaidika ni wanaokubali kukimbia polepole siku za mwanzo, hadi mwili uzoee hewa nyepesi. Kwa mkazi wa Kimumu anayeanza skii, Lesotho inafaa kuliko Alps, kwa sababu mteremko wake ni wa kiasi na hewa yake nyepesi si ngeni kwa mapafu yake; na kabla hajalipia kitu kingine chochote huko, amlipe mwalimu.