Mgeni Anayekuja Kutumika
Anayevuka bahari kujitolea kwa masista ajiulize kwanza: nani anamhitaji nani? Tazama Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2001 Sista Rosemary Nyirumbe, wa Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alichukua uongozi wa shule ya ushonaji ya Mtakatifu Monika. Aliwapokea wasichana waliotekwa nyara na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), wengi wakirudi na watoto mgongoni, wakafundishwa kushona na kupika. Kazi hiyo ilisimama kwa sababu masista walibaki vita ilipokuwa bado ikiwaka.

Wapo wanaosema, basi mgeni abaki kwao na atume nauli yake. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa anayekuja wiki mbili na kamera, maana msichana aliyekwisha kutupwa na wengi huumia tena akiachwa na rafiki wa muda. Lakini fedha haiketi na mtu ikamsikiliza. Imani ya Kikatoliki inakiri kwamba Mungu hakutuma sadaka tu. Alikuja akakaa nasi, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita Nazareti, kimya, akiwatii wazazi. Mgeni naye akae muda mrefu, ajifunze Kiacholi, lugha ya Gulu, apokee maagizo ya sista, amsaidie mwalimu wa pale bila kumnyang'anya nafasi. Asiyeweza hayo, atume nauli.