Upepo wa Mwenzako

Kuna swali linalonisumbua tangu Tour de France ya 2012, na kila nikilileta barazani watu wanacheka, eti ni baiskeli tu hizo. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye nguvu akiamriwa amsubiri mwenzake, halafu mwenzake akashika nafasi ya kwanza, nani ameshinda?

Mwenzake huyo alikuwa Bradley Wiggins, Mwingereza aliyejijengea jina kwenye uwanja wa mbao, ule wa ndani wenye kona zilizoinuka kama ukuta. Olimpiki za 2004 na 2008 alichukua dhahabu ya mbio za kufukuzana, kilomita 4, mmoja anaanzia upande huu, mwingine upande ule. Pale hakuna wa kukukinga. Saa ikisema, imesema. Na wanapokimbia wanne kwa timu kuna kanuni ninayoipenda sana: muda unahesabiwa kwa mtu wa tatu kuvuka mstari. Wa nne anaweza kujimaliza akiwakatia wenzake upepo, akaachwa nyuma anahema, na bado akavishwa medali ileile.

Barabarani mambo ni mengine. Aliye mbele anapigwa na upepo, aliye nyuma yake anapumzika huku anakwenda. Waendesha baiskeli wetu wanaojibanza nyuma ya malori wanalijua hilo vizuri (usijaribu). Timu nzima inamkingia mtu mmoja, na jina linaloandikwa ni lake.

Mwaka ule, kwenye mlima wa La Toussuire, Wiggins akiwa na jezi ya njano, Chris Froome wa timu yake alichomoka. Froome ni mzaliwa wa Nairobi, yule aliyefundishwa na David Kinjah kule Kikuyu. Akaitwa kwenye redio ya sikioni, akapunguza, akasubiri. Wiki moja baadaye, kule Peyragudes, ndo ilikuwa wazi kabisa: anageuka nyuma, anapunga mkono, njoo basi. Paris wakafika Wiggins wa kwanza, yeye wa pili, dakika 3 na sekunde 21 nyuma.

Wengi wananijibu kwamba alilipwa mshahara, sasa kuna nini cha kulalamikia? Hoja hiyo siidharau. Fundi aliyejenga nyumba haandikwi kwenye hati. Lakini nyumba haisemi kwamba mwenye nyumba ndiye fundi bora. Mbio zinasema hivyo hasa: huyu ndiye aliyewazidi wote. Jasho lako unaweza kuliuza. Kwamba wewe una kasi kuliko mwenzako, hilo linauzwaje?

Hata hivyo siko na wanaosema Froome aliibiwa. Mbio zote mbili ndefu za kushindana na saa Wiggins alishinda, na zote mbili Froome alikuwa wa pili. Isitoshe, ahadi haikuwa ya watu wawili. Michael Rogers na Richie Porte walishajichosha milimani kwa mpango uleule; Froome angeondoka, angeondoka na jasho lao pia. Alifanya haki kusubiri.

Ila haki hiyo ilikuwa na bei, na si mara ya kwanza kuilipa. Vuelta ya 2011 alimtumikia Wiggins huyuhuyu, akamaliza wa pili, sekunde 13 tu nyuma ya Juan José Cobo. Mwaka 2019 Cobo akavuliwa ushindi kwa makosa ya dawa, Froome akapewa. Miaka minane. Jukwaa lilishafunguliwa zamani, watu walishakwenda makwao.

Siku ya mwisho ya Tour ile, pale Champs-Élysées, Wiggins akiwa na jezi yake ya njano alikwenda mbele kabisa, akakata upepo kwa kasi ya uwanjani, mpaka Mark Cavendish wa timu yake akashinda. Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Si kawaida kabisa kumwona mwenye jezi ile akifanya kazi ya mtumishi. Lakini aliyekuwa anatumikiwa hakuwa Froome.