Je, Mnyofu ni Nani?

Kiswahili humwita mtu mwema mnyofu, na mtu mbaya humwita mpotovu. Neno la kwanza latoka katika kunyooka, la pili katika kupotoka. Fimbo husifiwa ikiwa imenyooka, na mtu vivyo hivyo. Mfano huo ni mzuri, wala hakuna sababu ya kuuacha. Walakini una hatari yake: mtu akizoea kuusema, mwisho hutazama migongo ya watu akidhani anatazama mioyo yao.

Na iwe mfano mzee mmoja wa kijiji kilicho karibu na Kolwezi, aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi, kisha akarudi kulima mihogo na mahindi. Mkono wake wa kuume umeanza kutetemeka hata akiwa amekaa kimya. Mgongo umeinama mbele, magoti yamekunjika kidogo, mikono haipungi tena anapotembea. Hatua zake zimekuwa fupi, nyayo zakwaruza chini. Mara aenda polepole, mara miguu yakimbia yenyewe kana kwamba yaufuata mwili unaotaka kuanguka. Akifika mlangoni asimama ghafula, asiweze kuinua mguu. Uso wake haucheki wala haukasiriki.

Watu wasemaje? Wa kwanza asema, "Amekunywa lutuku tangu asubuhi." Wa pili asema, "Ana kiburi. Nilimsalimu, hata kutabasamu hakutabasamu." Wa tatu hasemi kwa sauti, anong'ona tu kwamba mzee wa namna ile, asiyecheka na atazamaye bila kupepesa macho, hana budi kuwa mchawi. Maneno ya huyo wa tatu ndiyo ya kuogopwa kuliko yote, maana wako wazee waliopigwa na kufukuzwa nyumbani mwao kwa ajili ya maneno kama hayo.

Wote watatu wamekosa. Mzee ni mgonjwa. Ugonjwa wake huitwa Parkinson, kwa jina la daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeandika habari zake huko London mwaka 1817. Aliandika juu ya watu sita tu, na wengine miongoni mwao hakuwatibu kamwe, aliwaona njiani. Jambo hilo lastahili kufikiriwa. Watu wangapi wa mji ule mkubwa walikuwa wamewaona wazee wale wale katika njia ile ile, wakacheka au wakageuza uso? Yeye alitazama jinsi walivyoinama, na jinsi walivyokimbia bila kutaka kukimbia, akauliza sababu.

Sababu yenyewe imo kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, ambayo chembe zake hutoa kitu kiitwacho dopamini, na kwa msaada wake mwili hujongea kwa wepesi na kwa utaratibu. Chembe hizo zikifa, viungo hukakamaa, na mwili husahau namna ya kujizuia usianguke. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kula sahani moja.

Tena katika nchi ya Lualaba yafaa kujua kwamba hata madini yaweza kuleta ugonjwa ufananao na huo. Magharibi mwa Kolwezi, upande wa reli iendayo Dilolo, ndiko Kisenge, ambako manganisi ilianza kuchimbwa miaka ya 1950. Jiwe hilo likilala ardhini halimdhuru mtu. Lakini vumbi lake likivutwa kifuani kwa muda mrefu, huweza kufika hata ubongoni. Daktari John Couper wa Glasgow aliyaona hayo kwa wasagaji wa manganisi mwaka 1837, na baadaye yakaonekana kwa wachimbaji wa Moroko na wa Chile. Wengine hutembea kwa ncha za vidole kama jogoo, na wakisukumwa kidogo huanguka kinyumenyume. Basi mwenye mgodi aijuaye hatari hiyo, asizuie vumbi kwa kuwa maji na mitambo ni ghali, ana hatia, hata kama kitabu chake cha mishahara hakina kosa lo lote.

Lakini swali la kwanza lingalipo. Mwenye afya husimama bila kufikiri. Akisukumwa sokoni, mguu wake warudi nyuma wenyewe. Akikanyaga jiwe, kiuno chajisawazisha kabla hajajua. Hakufanya kazi yo yote kuyapata hayo, wala hakuyachagua. Hawezi basi kujisifia kunyooka kwake, kama vile asivyoweza kujisifia mapigo ya moyo wake. Wema wataka nia. Pasipo nia hapana wema wala kosa. Na mgonjwa je? Yale wengine wapewayo bure, yeye huyanunua kwa nia yake, hatua kwa hatua. Mgeni akija, mzee ajivuta kutoka kitini apate kumwamkia, akarudi chini. Ajivuta tena, akarudi. Mara ya tatu asimama, mgongo ukiwa umeinama vile vile. Kati ya hao wawili, aliyetoa heshima kubwa si yule aliyesimama kama mlingoti.

Huko Kolwezi hakuna amchekaye kijana ainamaye chini ya gunia la mawe ya shaba na kobalti. Watu humpisha njia, maana gunia laonekana.

Wako Wakongo wengi wamkumbukao Muhammad Ali, aliyepigana na George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Raundi nyingi aliegemea kamba, mwili ukiyumba huku na huku bila kuanguka, na katika raundi ya nane akamwangusha mwenzake. Mwaka 1984 madaktari walimwambia kwamba ana ugonjwa huu. Mwaka 1996, huko Atlanta, aliwasha mwenge wa michezo ya Olimpiki mkono ukitetemeka mbele ya watu wa dunia nzima. Mtu ni yule yule.

Huenda mwenye huruma akasema, "Basi nitamshika mkono nimvute." Hapo yapasa kuangalia. Akivutwa, kifua chatangulia na miguu yabaki, naye aanguka. Huruma ya haraka mara nyingi hutaka kumaliza kazi yake tu. Yafaa zaidi kusimama kando yake na kungoja. Kumwacha ageuke kwa kuzunguka taratibu, wala si kwa kujipinda mahali pamoja. Kutomsemesha habari nyingine wakati ule. Kumhesabia moja, mbili, au kumwimbia wimbo wenye mapigo. Apelekwe pia hospitali. Iko dawa iitwayo levodopa, ambayo George Cotzias, daktari aliyewachunguza wachimbaji wa manganisi wa Chile, alionyesha faida yake mwaka 1967. Dawa hiyo hulegeza ugumu wa viungo, bali usawa wa mwili huusaidia kidogo tu. Kwa hiyo hata mgonjwa aliyepata dawa ahitaji jirani mwenye subira.

Ajabu moja ni hii: mgonjwa aliyekwama mahali patupu mara nyingi aweza kuvuka mstari uliochorwa chini. Mguu usioinuka kwa amri huinuka kwa kuona kitu cha kuruka. Na iwe basi kwamba mkwe wa mzee yule amesikia jambo hilo zahanatini. Achukua majivu ya jikoni, achora mistari mitano mbele ya mlango, kila mmoja hatua moja mbali na mwenzake. Jirani aona, asogea karibu, auliza kwa sauti ndogo:

"Mama, hiyo ni dawa ya kuzuia wachawi?"

"Hapana, mama. Ni njia ya baba."

Mzee afika mlangoni, asimama. Atazama mstari wa kwanza. Hakuna amshikaye, hakuna amwitaye. Kisha mguu wa kuume wainuka.