Je, Nia Njema Yatosha?

Liko swali moja ambalo tulizoea kuwapa wanachuo wetu wa ualimu katika somo la malezi: Mtu akimdhuru mwenzake huku akitaka kumtendea mema, je, amekosa au hakukosa? Kila mwaka darasa liligawanyika. Wengine walisema nia ndiyo mizani ya matendo. Wengine walisema kwamba aliyeumia haponi kwa kuambiwa kuwa alipendwa. Kengele ililia, nasi tukafunga mjadala bila kutoa jawabu, maana kusema kweli hatukuwa nalo. Sasa tumestaafu, na twadhani tumelipata angalau sehemu yake. Aliyetufundisha ni mmea mmoja mdogo.

Miaka mitatu iliyopita, mwalimu mwenzetu aishiye juu kwenye miteremko ya Mlima Meru alituletea hapa mjini Arusha kipande cha tawi la mringaringa lililoangushwa na upepo shambani kwake. Kwenye gamba lake ilikuwapo okidi ambayo wataalamu huiita Aerangis thomsonii. Ni mmea wa milima yetu. Huota katika misitu yenye baridi ya Ethiopia, Uganda, Kenya na Tanzania, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi na zaidi. Hauoti udongoni, wala haunyonyi mti unaoushikilia. Hushika gamba tu, na mizizi yake mingi huning'inia hewani. Maua yake ni meupe kama nyota, kila moja lina mkia mrefu wenye maji matamu ndani yake, nayo hunukia usiku ili kuwaita nondo.

Sisi tuliuhurumia mmea ule kuuona umening'inia bila makao. Tukaubandua kwenye tawi, tukaupanda katika chungu chenye udongo mzuri wa samadi. Kisha, kama walimu tulivyo, tukauwekea ratiba: kopo moja la maji kila siku saa kumi na mbili jioni. Hatukukosa hata siku moja. Wageni walipokuja tuliwaonyesha, nao walitusifu kwa uangalifu wetu.

Baada ya majuma kadhaa majani yalianza kunyauka na kukunjamana kama ngozi ya mzee. Tukasema, una kiu. Tukaongeza kopo la pili asubuhi. Majani yakazidi kukunjamana, nasi tukazidi kumwagilia.

Siku moja yule mwenzetu alitutembelea. Aliutazama mmea, akauchomoa polepole kutoka udongoni. Mizizi ilikuwa ya kahawia na laini. Alipouvuta mmoja, ganda lake lilivuka mkononi, ukabaki uzi mwembamba tu. Akasema, "Mwalimu, mmea huu unakufa kwa kiu ndani ya maji."

Akatueleza. Mzizi wa okidi ya namna hii umevikwa tabaka linalofanana na sifongo. Ukungu wa msituni ukipita, tabaka hilo hunywa maji upesi, na mzizi huonekana wa kijani. Upepo ukivuma hukauka, nao hurudia weupe wake. Mzizi wahitaji kulowa, na wahitaji pia kukauka ili upate hewa. Ukikaa majini siku zote huoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Ndipo majani hukunjamana kwa kiu, na mwenye mmea asiyejua huongeza maji. Kumwagilia jioni ni kubaya zaidi, hasa miezi ya Juni na Julai, maana maji hulala katikati ya majani usiku kucha katika baridi, na moyo wa mmea huoza.

Hatuna budi kukiri jinsi tulivyopokea maneno hayo. Tuliudhika. Tulijisemea moyoni, "Sisi tunaomwagilia kila siku, leo tunaambiwa tunaua?" Usiku ule hatukupata usingizi vizuri, na sababu haikuwa okidi. Tulimkumbuka mama yetu mzazi.

Mama tulimtoa kijijini alipokuwa mzee, akaja kukaa nasi miaka miwili ya mwisho ya maisha yake. Tulimpa chumba chenye jua, blanketi mpya na chakula kizuri. Alipochukua ufagio, tulimnyang'anya. Alipotaka kuchambua maharage, tulimwita msichana wa kazi. Alipoomba jembe dogo alime mboga nyuma ya nyumba, tulicheka, tukamwambia, "Mama, pumzika, umefanya kazi vya kutosha." Majirani walitusifu. Mama akawa anakaa kibarazani tangu asubuhi hata jioni, akinyamaza. Tulipoona amedhoofika, tulizidisha kumpumzisha. Siku moja alituambia, "Mwanangu, mmenifanya mgeni." Tuliona ni maneno ya uzee.

Hatusemi kwamba tulimuua. Umri wake ulikuwa umetimia. Lakini twajua sasa kwamba alipokuwa hai tulimwondolea kile alichoishi kwacho, nasi tulifanya hivyo kwa upendo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, je, tulikosa? Twaona hapa kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni kutojua, na mtu asiyejua hastahili lawama kubwa, kwa kuwa hakuna azaliwaye na elimu yote. Sisi hatukujua habari za mizizi ya okidi. La pili ni kutotazama. Majani yalikunjamana mbele ya macho yetu. Mama alisema kwa kinywa chake mwenyewe. Dalili tulikuwa nazo, ila tulikuwa tumekwisha kujiona wema, na mtu akishajiona mwema huacha kutazama. Hapo ndipo tulipokosa. Nia yetu ilikuwa njema, lakini tuliitumia kama pazia.

Huenda msomaji akasema, "Ikiwa ni hivyo, afadhali kumwacha kila mtu na maisha yake." Hilo nalo ni kosa, tena kubwa zaidi. Okidi isiyomwagiliwa kabisa hufa vilevile, na mzee aliyeachwa peke yake kijijini hashukuru kwamba hakusumbuliwa. Bila nia njema hakuna ashikaye kopo. Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba nia njema ni ya lazima, ila haitoshi. Yapaswa kuongozana na jicho linalotazama na sikio linalokubali kusahihishwa.

Okidi yetu haikufa. Tulikata mizizi iliyooza, tukaufunga mmea kwenye kipande cha gogo, tukautundika kivulini upande wa kaskazini wa nyumba, mahali upepo unapopita. Ratiba tumeichana. Sasa kila asubuhi twatazama kwanza: mizizi ikiwa ya kijani, twaiacha, ikiwa imerudia weupe, twailowesha vizuri kwa maji ya mvua, kisha twaiacha ikauke kabla ya usiku. Majira ya baridi twapunguza. Mwaka jana ulichipuka mzizi mpya wenye ncha ya kijani. Maua bado hatujayaona.

Wako kati yetu wanaotunza wazazi, wagonjwa na wajukuu. Leo, kabla ya kumtendea jema mmoja wao, tumtazame kwanza, kisha tumwulize anataka nini. Na akitujibu jambo tusilolipenda, tusiseme kwamba ni maneno ya uzee.