Mtoto Kuchagua Nguo Yake

Zifikapo siku za mwisho za Ramadhani, mtu apitaye Barabara ya Biashara hapa Mombasa baada ya tarawehe huona jambo moja karibu katika kila duka la nguo. Mama ameshika kitambaa, mwenye duka ameshika futi, nao wawili wazungumza rangi na bei. Mtoto ambaye nguo ni yake amesimama kati yao, ageuzwa huku na huku na kupimwa mabega, wala hapana amwulizaye neno.

Mimi nalidhani nimekwisha kuupita ujinga huu. Nalimchukua binti yangu, naye alikuwa wa miaka minane, nikamwambia mbele ya mwenye duka, "Chagua utakalo, mwanangu." Alitazama kwa muda mrefu, akayagusa magauni moja moja, kisha akaonyesha moja la manjano iliyokoza lenye maua makubwa ya kijani. Nikacheka, na mwenye duka akacheka. Nikasema, "Hilo ni la watu wa ngoma, chukua lile jeupe." Akajibu, "Haya, baba." Akalivaa jeupe siku ya Idi, na watu wakalisifu. Idi ya pili nilipomwuliza alisema, "Upendalo wewe, baba." Nami nikafurahi, nikidhani kwamba hiyo ndiyo adabu.

Ndugu msomaji, kama ile kweli ilikuwa adabu, basi ni adabu ya namna gani? Mwenye adabu ana rai yake, naye huishusha kwa kumheshimu mkubwa wake. Mtoto wangu hakuishusha rai. Alijifunza kutokuwa nayo, kwa sababu ile ya kwanza aliyoitoa ilichekwa mbele ya mgeni. Afadhali ningalimnunulia lile jeupe bila ya kumwuliza, kwani kumwuliza mtu kisha kulitupa jibu lake ni kumfundisha kwamba neno lake halina uzito.

Najua watasema baadhi ya wazee wetu kwamba mtoto akiachiwa huota pembe. Basi na wakumbuke ile hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, na kuliani kwake ameketi mtoto, na kushotoni wameketi wazee. Akamtaka ruhusa yule mtoto awape wazee kwanza. Mtoto akakataa kuitoa sehemu yake, naye Mtume akamtilia chombo mkononi mwake. Hatukupokea kwamba mtoto yule alikemewa. Hakuombwa ruhusa kwa maneno matupu. Aliombwa ruhusa ambayo aweza kuinyima, na alipoinyima ikatimizwa.

Wala sisemi kwamba mtoto aachiwe kila kitu. Sitara, usafi na kadiri ya fedha ni juu ya wazazi, na asiye na fedha nyingi hana udhuru: hata katika mitumba ya Kongowea, mashati mawili ya bei moja yatosha kumwambia mtoto achague. Na mvulana ambaye kanzu yake ni lazima iwe nyeupe, kofia aweza kuichagua mwenyewe. Mafakihi wetu waliuweka mpaka huu zamani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba rushdi ya mtoto hujaribiwa kabla ya kubaleghe kwake. Mtoto wa mfanyi biashara huachwa apatane bei mwenyewe, na zikifika hatua za kuifunga biashara, walii ndiye aifungaye. Tazama hekima yake: mtoto apewa kazi ya kweli, na hasara yazuiwa. Sisi twafanya kinyume. Twamfungia kila mlango mpaka afike miaka ishirini, kisha twashangaa aonapo haya kunena mbele za watu, au amfuatapo rafiki wa kwanza amwambiaye, "Twende." Aliyezoea kuchaguliwa na baba atachaguliwa na yeyote.

Na kwa binti jambo hili ni zito zaidi. Twafundishwa kwamba bikira akitakwa idhini ya kuolewa, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Hii ni huruma kwa mwenye haya, ambaye moyo wake umeridhika na ulimi umemfunga. Lakini aliyenyamazishwa tangu utotoni, kwa gauni, kwa viatu, kwa kila kitu, kunyamaza kwake kwatwambia nini?

Mwaka uliopita walikuja watu wema kumposa binti yangu yule. Nikamwuliza. Akainamisha kichwa, akanyamaza. Mama yake akatabasamu, na ndugu zangu wakataka Fatiha isomwe palepale. Nami nikaliona lile gauni la manjano mbele ya macho yangu, nisijue kama kunyamaza kule ni kwa haya au ni kule kwa "upendalo wewe, baba." Nikawaomba wageni radhi wangoje, nikamwambia shangazi yake akae naye faraghani, amwahidi kwa jina langu kwamba lolote atakalosema halitachekwa.

Siku ya tatu jibu likaja, nalo lilikuwa hapana. Nikaenda mwenyewe kuwajulisha wale watu.