Kabla Hujasema "Ndiyo Tabia Yake"

Wanangu, mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika wodi za wagonjwa wa akili. Nimewaona watu wakiletwa wamefungwa kamba, na hao hao nimewaona wakitoka kwa miguu yao, wakarudi shambani na maofisini. Yapo mawili ninayotaka myashike. La kwanza: si kila linalomshinda mtu ni uvivu, utovu wa adabu au jini. La pili, na hili vijana hampendi kulisikia: si kila linalokushinda ni ugonjwa. Kupambanua hayo mawili ni kazi ngumu, lakini utafiti wa ubongo umetusaidia sana, na aliyepewa elimu hana haki ya kuendelea kuhukumu kwa mazoea.

Kisikieni kisa cha Phineas Gage. Tarehe 13 Septemba 1848, katika mji mdogo wa Cavendish, jimbo la Vermont huko Marekani, kijana huyu wa miaka 25, nyapara wa mafundi wa reli, alikuwa akishindilia baruti kwenye tundu la mwamba. Baruti ikalipuka. Mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi ukamwingia chini ya shavu la kushoto, ukatokea utosini. Hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa anaongea, na alipelekwa mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe akiwa amekaa kitako. Daktari John Harlow, aliyemtibu, aliandika baadaye kwamba waliomfahamu walimwona si yule tena. Nyapara aliyekuwa na mipango na heshima zake amekuwa mtu wa matusi, hana subira, anapanga jambo na kuliacha siku hiyo hiyo. Kumbukumbu hakupoteza. Lugha hakupoteza. Kilichopungua ni uwezo wa kujizuia.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Mimi naona utamu wake uko mbele. Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Hiyo ni kazi ya kuamka alfajiri, kuandaa farasi, kushika njia ileile na kuongea vizuri na wasafiri. Wapo wanahistoria waliofuatilia maisha yake wanaoona kwamba ratiba ile ilimrudishia sehemu kubwa ya utu wake kabla hajafariki mwaka 1860. Basi shikeni yote mawili: ubongo ukiumia, tabia inaweza kuyumba bila mwenyewe kupenda, na mtu aliyeyumba, akipata kazi yenye mpangilio na watu wanaomtarajia asubuhi, anaweza kusimama tena. Mgonjwa aliyerudi nyumbani msimfungie chumbani kwa huruma. Mpeni kuku wa kuwalisha.

Sehemu ya ubongo iliyoumia kwa Gage, ile ya mbele iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayochelewa zaidi kukomaa. Jay Giedd na wenzake huko Marekani walianza mwaka 1991 kuwapiga watoto picha za ubongo, wakawarudia kadiri walivyokua, na ikaonekana kwamba matengenezo ya sehemu ile hayaishi mtu anapoota ndevu. Yanaendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, wa Philadelphia, wakawapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: taa ya njano imewaka, usimame au upite? Vijana wadogo walipocheza mbele ya rafiki zao, hatari walizojitia zilizidi maradufu ya zile walizojitia wakiwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika, watazamwe wasitazamwe.

Nendeni kwenye kijiwe chochote cha bodaboda jioni, mtaliona jaribio hilo bila kompyuta. Dereva amempakia mama na mtoto: anakwenda taratibu, kofia ngumu iko kichwani, kwenye tuta anapunguza. Mama akishuka na wenzake wawili wakatokea nyuma wakipiga honi, kofia inahamia kwenye kiwiko, na tuta linalofuata analiruka. Hatari anaijua vizuri kuliko mimi. Macho ya wenzake ndiyo yameongeza utamu wa kuthubutu.

Kwa hiyo nawausia: uamuzi mzito msiufanye mbele ya kundi. Ukiambiwa onja, ruka, saini, tuma picha, sema tu kwamba utajibu kesho. Kesho yake, ukiwa peke yako na umelala vya kutosha, utashangaa jinsi jibu lilivyo jepesi. Na nyinyi wazazi mnaosikiliza pembeni, msidai ujana uwe na subira ya uzee, lakini msiuachie pia. Udongo upatize uli maji.

Sasa nije kwenye jambo lililozimaliza nyumba nyingi za pwani yetu: unga, yaani heroini. Kwanza mjue unavyomnasa mtu. Katika chuo kikuu cha Fribourg, Uswisi, mtafiti Wolfram Schultz alipima kazi ya seli zinazotoa dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, katika ubongo wa tumbili. Tumbili akipewa tone la sharubati bila kulitarajia, seli zile zinachachamaa. Alipozoezwa kwamba ishara fulani ikitokea sharubati inafuata, seli zikawa zinachachamaa ishara inapotokea. Sharubati yenyewe ikija, hazishtuki tena. Na isipokuja wakati wake, zinanyamaza kuliko kawaida yao. Ndivyo ubongo unavyojifunza: unakamata dalili ya raha, kisha dalili ndiyo inayomvuta mtu. Mlio wa simu unaokuamsha saa nane usiku umekukamata kwa njia hiyo hiyo.

Mtazameni kijana aliyeacha unga mwaka mzima. Ameongezeka uzito, anasali, mama yake amemrudishia ufunguo wa mlango. Siku moja anapita karibu na maskani yake ya zamani, anaona chini karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na njiti za kiberiti. Jasho linamtoka, tumbo linamsokota, anapiga miayo, pua inamchuruzika. Hiyo ni arosto, na hajagusa kitu. Jirani anasema, "Hakuwa ameacha huyo." Alikuwa ameacha. Ubongo wake ndio haujasahau.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Dawa hii inashika sehemu zilezile za seli zinazoshikwa na heroini, lakini inafanya kazi polepole, siku nzima na zaidi, bila kumpandisha mtu juu na kumwangusha. Mteja anafika kila siku, anasimama dirishani, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kisha anaambiwa aseme maneno mawili matatu ili ijulikane kwamba amemeza. Ndipo anakwenda kwenye shughuli zake. Wapo wanaosema huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi nawajibu kwamba mtu anayeamka bila arosto hana haja ya kuiba simu ya shangazi yake ili aipitishe asubuhi.

Dawa peke yake haitoshi. Wanajeshi wa Marekani waliporudi kutoka Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini akiwa kule. Serikali ilitegemea balaa. Lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani ni wachache tu kati yao, kama 5 katika kila 100, walioingia tena kwenye uraibu. Walikuwa wameondoka kwenye vita, kwenye wauzaji na kwenye dalili zote zilizowazoeza. Kwa hiyo, aliyetoka kwenye nyumba ya matibabu asirudishwe mtaa uleule wenye sura zilezile, kama familia ina ndugu Morogoro au Tabora wa kumpokea. Na wewe unayesema unaonja tu, hujazama: chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Upande wa pili kuna wanaoitwa wana mashetani kumbe wana kifafa. Huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto, kwa kuwa mtu akianguka jikoni wengine waliogopa kumgusa wakidhani maradhi yanaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumshika mtu. Ni umeme wa seli za ubongo uliovurugika kwa muda, umeme ambao Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliurekodi kwenye kichwa cha binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa. Mtu akianguka mbele yenu, mwondoeni karibu na moto na maji, mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, tazameni saa. Msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, hospitali. Dua msiiache, na vidonge pia msiviache.

Sonona ni ngumu zaidi, maana haionekani. Hadi leo hakuna picha ya ubongo wala kipimo cha damu cha kumwambia daktari kwamba huyu anayo na yule hana. Anauliza maswali na kusikiliza. Yeyote atakayewauzia kipimo cha picha cha kugundua sonona, mwogopeni. Miaka mingi watu waliambiwa kwamba chanzo chake ni upungufu wa serotonini. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2022 hayakukuta ushahidi thabiti wa hilo. Dawa zake hata hivyo zinawasaidia wengi, na aliyeandikiwa asizikatishe ghafla bila kumwona daktari. Elimu hii inajirekebisha, nayo imewahi kuumiza: Egas Moniz wa Ureno alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949 kwa upasuaji wa kukata nyuzi za mbele ya ubongo, upasuaji uliowaacha wengi wamepooza hisia. Kwa hiyo heshimuni utafiti, na mwulizeni daktari maswali.

Mnajua nini kimewasaidia watu wa Zimbabwe? Bibi vizee. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake wazee wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza mwenye mawazo mazito, kisha kumsaidia achague tatizo moja na hatua moja ya kulitatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwetu wazee tupo tele, na vibaraza vipo. Kinachokosekana ni kijana kuja kukaa, na mzee kunyamaza asikilize kabla ya kuanza "enzi zetu".

Na mwenye kutaka kujiua si mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Rafiki yako akianza kugawa vitu vyake na kuaga aga, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandii wazo ambalo hana. Linampa mlango wa kusema. Kisha kaa naye, ondoeni sumu na kamba karibu, mpelekeni hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nikurudieni nyinyi wa simu, mnaojipima maradhi ya akili kwa video ya dakika moja. Kuchelewa kazini kwa sababu ulikesha unatazama mpira si ugonjwa. Kumtukana mama yako kisha kusema "ubongo wangu ndivyo ulivyo" si elimu, ni ujanja. Ubongo unaojifunza mabaya kwa kurudiarudia unajifunza na mema kwa njia ileile, na kazi hiyo ya kurudia hakuna daktari atakayekufanyia.

Mkitaka kupambanua, ulizeni kama tulivyokuwa tukiuliza wodini. Imeanza lini? Je, ni mtu aliyebadilika, au ndivyo alivyokuwa siku zote? Analala? Anakula? Kuna jambo alilokuwa akilipenda ambalo sasa halimgusi? Anasikia au kuona yasiyosikiwa na wengine? Imezidi wiki mbili na inamzuia kazi au shule? Mkipata majibu mawili matatu ya kutisha, mpelekeni kituo cha afya, na aende naye mmoja wenu anayemjua vizuri, maana mgonjwa mara nyingi hawezi kujieleza. Na ikiwa bado hamjajua kama ni tabia au ni ugonjwa, bishaneni baadaye. Wakati wa kubishana asiachwe peke yake.